Upupu wa Ukingoni mwa Shamba

Wapendwa, mlioko nyuma sogeeni, maana mfano huu siusemi mara mbili. Shule mimi niliishia darasa la nne, tena la nne lenyewe nusu, lakini kwa mifano hata wahubiri wenye suti huja kuazima kwangu.

Palikuwa na mkulima aliyelima kando ya msitu. Kati ya mahindi yake na miti ulitambaa upupu. Mnaujua? Mimi uliwahi kunipata shingoni, nikajipaka majivu ya jikoni kwangu yakaisha, nikaenda kuomba ya jirani. Upupu ule haukupandwa na mtu. Babu yake aliukuta pale pale, na kila ulipofyekwa, shina lile lile lilichipua mvua zikirudi.

Upepo ukivuma, mkulima anajikuna. Akila anajikuna, akisali anajikuna. Basi mwaka mmoja, mahindi yakiwa yamebeba, akabeba jembe.

Mkewe akamwuliza, "Baba watoto, palizi si imeisha? Jembe la nini?"

"Naenda kumng'oa yule shetani. Safari hii na mizizi yake."

"Marehemu mama yako aliuacha miaka yote."

"Mama alikuwa na ngozi ya kifaru!"

Mkewe akacheka, kisha akasema, "Uliza wazee kwanza. Kitu kisichopendwa na mtu, na bado kimeachwa, kina kazi yake."

"Kazi yake ni kuniwasha mimi!"

Akajifunga magunia, akajipaka tope usoni, akachimba siku tatu. Akachoma moto, moshi wake, nawaambia, mbuzi wa kijiji kizima walipiga chafya. Siku ya nne akatembea ukingoni kifua wazi, anaimba. Raha iliyoje!

Siku ya tano wakaja nyani.

Kwani walikuwa wapi siku zote? Walikuwa humo humo msituni, wanayatazama yale mahindi. Mbona hawakuvuka? Ndugu zangu, hata nyani ana ngozi. Aliyejaribu alirudi anajikuna kwapa, akawaonya wanawe. Sasa njia imefagiliwa, tena na mwenye shamba. Jua halijafika utosini, chakula cha watoto sita cha mwaka mzima kimebaki mabua.

Mkewe alimkuta ameketi katikati ya mabua. Hakumsimanga. Aliketi kando yake, akamfuta uso kwa upindo wa kanga.

"Mke wangu," akasema yule mume, "leo siwashwi popote."

Naona mnamhurumia. Hata mimi namhurumia, kwa sababu namjua: ni sisi.

Mwezi uliopita, hapa hapa, tulimwambia Bi Kabula asisimame tena kwenye kikao cha baada ya ibada. Kosa lake lipi? Alisema uongo? Alimtukana mtu? Hapana. Anawasha! Kila tukitaka kufunga tukale, yeye ana swali. "Mgonjwa fulani nani amemwona? Yatima fulani analala wapi?" Na mkono wa kwanza kuinuliwa kumnyamazisha ulikuwa wa nani? Huu. Wa bingwa wa mifano.

Tangu hapo vikao vyetu vitamu. Vinaisha chakula kikiwa bado cha moto. Na Ijumaa hii mjane wa bondeni, mwenzetu, katolewa na mashemeji kwenye shamba la marehemu mumewe, mchana kweupe. Wale mashemeji walikuwepo siku zote. Walikuwa wanatazama. Walimwogopa nani, mimi? Nani kati yetu alifungua kinywa juzi? Tulikuwa tunaimba kifua wazi.

Lakini Mungu ni mwema, hatukuumaliza mzizi. Bi Kabula yule pale, benchi la mwisho, karibu na mlango. Hajaacha kuja.

Mama, ibada ikiisha tuna kikao, na baada ya kikao tunakwenda bondeni sote. Nakuomba usimame wa kwanza. Anza na mimi. Shingo hii hapa.