Kwa Nini Okidi Iliuhama Udongo

Zamani za kale, milima ya Upare ilipokuwa na msitu kuanzia bondeni hadi kileleni, okidi ilikuwa mmea wa chini kama mchicha. Mizizi yake ilizama udongoni, na aliyetaka kunusa ua lake aliinama. Konokono nao, wote bila kubagua, walikuwa na nyumba mgongoni. Konokono uchi hakuwepo.

Siku hizo aliishi mama aliyeitwa Nakiete. Binti yake wa pekee, Namcha, alikufa kwa homa angali na meno ya utoto. Nakiete hakulia sana mbele za watu. Alichimba okidi nyeupe kando ya kijito, pale mtoto alipopenda kucheza, akaipanda kaburini. Tangu mazishi jina la mtoto lilikuwa limemkwama kooni, naye alijiambia kwamba siku ua litakapochanua ataweza kulitamka.

Ila konokono hupenda kilicho laini. Kila okidi ilipotoa tumba, walilitafuna kabla halijafunguka. Misimu ikapita hivyo. Mwishowe Nakiete aliwaendea kijitoni, kwani zama zile watu na viumbe walisikilizana.

"Jirani zangu," alisema, "kuleni majani yote ya bonde hili. Mmea ule mmoja niachieni."

Mkubwa wao akamjibu, "Mama, sisi tunajua kilicho laini na kilicho kigumu. Kaburi hatulijui."

Basi Nakiete akafuma uzio wa matete, akaubana hata nyumba ya konokono isipenye. Wakaja, wakagota, wakarudi. Mmoja tu, aliyewashinda wenzake kwa ulafi, alijivua nyumba yake, akaiegesha nje, akajipenyeza mwili mtupu. Alipokuwa akila, mvua ilinyesha, na maji ya mteremko yakaizoa ile nyumba.

Asubuhi Nakiete alikuja na majivu ya jikoni, maana majivu humkausha konokono. Alimkuta akitambaa huku na huko kando ya uzio.

"Unatafuta nini?"

"Nyumba yangu. Niliiacha hapa."

"Na ua langu?"

"Nimelila, mama."

Nakiete aliyatazama majivu kiganjani mwake. Kisha akayamwaga njiani, akachuma jani bichi, akamfunika.

"Kaa humo, jua lisikukute," alisema. "Lakini mmea wangu hutaukuta tena chini."

Akaing'oa okidi, akaukwea mkuyu uliokuwa jirani na kaburi, akaifunga kwenye panda kwa kamba ya mgomba. Watu walisema itakufa. Mizizi ikaning'inia, ikajifunza kunywa ukungu. Msimu uliofuata ilichanua. Nakiete alisimama chini ya tawi, akainua uso, akaita, "Namcha." Aliita mara moja tu, kisha akarudi nyumbani kupika.

Tangu msimu ule okidi hukaa mitini, mizizi yake hewani. Yule konokono hakuipata nyumba yake, na uzao wake huzaliwa uchi, hushinda mchana kutwa chini ya majani mabichi. Giza likiingia hupanda magome. Wengine huteleza, wengine hufika wakala. Kwa hiyo mkipita msituni mkakuta okidi iliyotafunwa, msishangae. Na mkikuta iliyochanua, simameni kidogo, mumtaje mtu wenu.