Picha ya Amisse

Anayegonga kila nazi sokoni na kuitilia kasoro, hii ndogo, ile nyepesi, mwishowe huondoka na ile waliyoiacha wenzake, isiyokomaa wala kutoa tui la maana. Zuleica alilijua neno hilo kama wanafunzi wanavyojua methali za mtihani. Maana yake alikuja kuijua kwa machozi.

Zuleica wa Palma alikuwa binti hodari aliyesomea kompyuta katika mji wa Pemba, si kile kisiwa. Vita vilipotawanya watu, alijitolea kutengeneza tovuti ya kuwatafuta waliopotezana: picha, jina, kijiji na namba ya simu ya jamaa. Wa kwanza kumletea picha alikuwa shangazi yake Mariamo, aliyekimbia kijiji cha Quiterajo na kupotezana njiani na Amisse, mwanawe wa pekee.

Jumatatu tovuti ilikuwa tayari, na redio ilikwisha kuitangaza. Lakini Zuleica hakuridhika. Jumanne alibadili buluu ikawa kijani; Jumatano kijani kikamchusha. Siku zote hizo aliyeifungua alikuta maneno matatu tu: "Tunatengeneza, rudini baadaye."

Mariamo alikuwa barazani akishona mkeka wa kumlaza mwanawe atakaporudi.

"Mwanangu, bado tu?"

"Bado kidogo, shangazi. Página, hii tovuti yetu, ikitoka na kasoro watanicheka."

"Waache wacheke. Mimi namtaka Amisse. Hata mkeka, mama, upana ukitosha hutiwa pindo. Ukizidi kushona, chumbani hauingii."

Zuleica alitabasamu, akaendelea. Alhamisi aliigeukia picha ya Amisse, akalifuta kovu lililokuwa juu ya jicho ili uso upendeze. Mariamo alipoonyeshwa, alikunja uso.

"Huyu si wangu. Mrudishie kovu lake."

Ijumaa nzima ikapotea katika kurudisha kilichokuwapo tangu Jumatatu.

Jumamosi asubuhi tovuti ikafunguliwa. Kabla ya adhuhuri simu ya Mariamo ililia. Alikuwa Cleide, muuguzi wa hospitali moja ya bara.

"Mnamtafuta Amisse mwenye kovu juu ya jicho? Alilazwa hapa kwa homa kali. Simu yake ilipotea na namba yako hakuikumbuka. Tangu Jumanne naifungua página yenu, kila siku inaniambia nirudi baadaye."

"Mpe simu niisikie sauti yake," alisema Mariamo.

Cleide alishusha sauti.

"Pole, mama. Waislamu wenzake walimzika jana alasiri."

Mariamo aliukunja mkeka, ambao pindo lake alikwisha kulimaliza, akamtazama Zuleica.

"Jumatatu alikuwa hai?"

Zuleica alianguka miguuni pa shangazi yake akalia kwa uchungu na aibu, na Mariamo, mfiwa mwenyewe, ndiye aliyemshika kichwa.

Siku ya tatu ya matanga Natália, jirani yao, alikuja na picha ya mdogo wake, imefifia na kujaa mikunjo. Aliuliza kama asubiri isafishwe kwanza. Zuleica aliiweka tovutini papo hapo, na mikunjo yake yote.

Hadi leo tovuti ile ina buluu yake ya Jumatatu, na picha ya Amisse haijaondolewa, kwa kuwa mama yake alikataa. Mtu akimwuliza Zuleica mbona hairembi, huitazama picha hiyo kwanza, kisha husema kwa sauti ndogo: mchagua nazi hupata koroma.