Daftari la Zahanati

Palikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, aliyeishi mtaa ulio chini ya kiwanda cha ngozi. Mto ulinuka, watoto wakaharisha, naye akamzika kitinda mimba wake. Aliandika barua tatu, hakujibiwa. Akaenda kituo cha polisi, akatoa taarifa ya maandamano kama sheria inavyotaka, akarudi na karatasi yenye muhuri.

Siku ilipofika watu walikata matawi mabichi, maana kwetu mwenye tawi mkononi hana vita. Mama akashika kipaza sauti. Alisema maneno makali, wapendwa! Alimwita mwenye kiwanda muuaji, akawaita madiwani kupe. Askari walisimama pembeni, wala hakuna aliyemgusa. Ilikuwa haki yake.

Ghafla jiwe likaruka. Vioo vya zahanati ya mtaa, iliyokuwa kando ya barabara, vikamwagika.

“Jamani, zahanati imewakosea nini?” mama akamuuliza jirani yake, muuza mkaa, aliyekuwa ameshika tawi mkono huu na jiwe mkono ule.

“Si ya serikali hiyo? Mama, wewe hubiri tu. Kazi tuachie sisi!”

Kipaza sauti alikuwa nacho. Angeweza kusema, “Wekeni chini.” Lakini kifua chake kilikuwa kinawaka tangu siku ya mazishi, na mlio wa vioo ukamtuliza kidogo. Akapaza sauti, “Haki yetu! Haki yetu!” Mbele yake mtu akawasha kiberiti, naye akaendelea kuimba. Paa la zahanati likashika moto.

Askari walipomkamata aliinua karatasi yake. “Nina ruhusa! Nina haki ya kusema!”

“Ulisema, mama, tukakusikiliza,” akajibu mkubwa wao. “Nionyeshe hapa palipoandikwa moto.”

Ndipo muuguzi akatoka kwenye moshi, anakohoa, mikono mitupu.

“Dada, nimeshindwa kulifikia.”

“Kulifikia nini?”

“Daftari. Kila mtoto aliyeugua kwa maji yale, jina na tarehe, miaka miwili. Jumatatu sisi wauguzi tulikuwa tulipeleke kwa hakimu. Hata mwanao alikuwemo.”

Mama akaketi chini, palepale barabarani.

Wapendwa, nani kati yetu atamrushia neno mama yule? Mimi siwezi. Aliyezika mtoto ana haki ya kukasirika, nami nimekasirika pamoja naye. Mtu asitoke hapa akasema mchungaji amekataza maandamano. Semeni! Pigeni kelele mpaka wanaotia sumu mtoni wakose usingizi! Na atakayewaziba midomo, Mungu anamwona. Lakini ngao ya sheria iliyowekwa mbele ya mdomo haimkingi mwenye kuchoma. Na wewe uliyekuwa na kipaza sauti, ukaona kiberiti ukaendelea kuimba, utasema mikono yako ni safi?

Mwenye kiwanda alikuwa na mawakili na walinzi, na kwa miaka miwili hakuweza kuligusa daftari lile. Sisi tulimchomea, tena huku tukiimba haki.