Mkwe Asiyeulizwa

Paukwa!

Pakawa!

Kwa nguvu, nyie! Anayesinzia zimwi litamlamba unyayo. Hadithi hii hakuna aijuaye kama mimi, hata hao waliomaliza shule.

Basi hapo kale palikuwa na msichana, Mize, binti wa Mzee Makame, msusi wa mikeka. Siku moja akaja kumposa tajiri, Bwana Hilali, kanzu ya hariri, kilemba kikubwa kama chungu.

Kwao mposaji huulizwa. Baba yako nani? Jirani zako nani? Kombo, mkwezi wa minazi, alipomposa Mize aliulizwa mpaka jasho likamtoka, na bado akanyimwa. Lakini tajiri? Mzee Makame akamnong'oneza mkewe, Bi Patima:

"Mama Mize, sisi wasusi wa ukili tumuulize huyu jirani zake? Atatucheka."

Wakanyamaza. Mize akaolewa.

Nyumba kubwa, ndani kimya. Hakuna jirani, hakuna jogoo. Mume hali chakula, anamtazama tu mkewe.

"Kula, Mize. Kula unenepe."

Mize akajiambia, "Labda ndivyo matajiri walivyo."

Asubuhi mume akamminya mkono, kama mtu anayechagua kuku sokoni.

"Kula, Mize. Kula unenepe."

Akala, akajiambia tena, "Labda ndivyo matajiri walivyo."

Siku moja mume ametoka, Mize akafungua chumba cha uani. Mifupa! Mifupa mpaka darini, na juu yake kanga za maharusi, zote za bei rahisi kama yake. Mnadhani alikimbia? Wapi! Akabaki anazitazama kanga zile.

"Labda ndivyo matajiri..."

"Sivyo," sauti ikasema nyuma yake.

Bwana Hilali yuko mlangoni, kilemba mkononi. Akageuka taratibu. Kisogoni pana mdomo wa pili, mwekundu, unachuruzika mate, na huo ndio unaosema:

"Binti za matajiri siwagusi, ndugu zao wana maswali mengi. Maskini hawaulizi."

"Hodi!"

Ni Bi Patima, kamletea mwari wake uji wa fungate, chungu bado kinafuka moshi. Zimwi likafunga kilemba upesi, likaenda mlangoni.

"Mwanao amelala, mama."

"Aa, samahani, bwana. Na miguu yangu hii ina tope, nisije nikakuchafulia mazulia."

Mize akasikia nyayo za mama zinaondoka. Bibi harusi wa fungate hapazi sauti, ni aibu kwa wazazi. Nyayo zinaondoka. Nyayo zinaondoka...

"Mama! Ingia na tope lako! Ananila!"

Bi Patima akaingia na tope lake, akakanyaga zulia la kwanza, la pili, la tatu. Zimwi likamrukia Mize, kilemba kikaanguka, mdomo wa kisogoni ukapanuka. Bi Patima akaumiminia uji wote! Likalia, likajigonga ukutani, likatokomea porini.

Basi, Mize akarudi kwao, na baadaye akaja tajiri mwingine, kijana, kumposa. Mzee Makame akamkalisha mkekani, akauliza mpaka jua likazama. Kijana akajibu yote, hata majina ya mbuzi wao. Huyo ndiye aliyemwoa Mize, na wakapendana. Kombo? Alishaoa zamani, msimhurumie.

Hadithi yangu imeishia hapo, anayeitaka aichukue. Anayekuja kuoa kwenu muulize, ana mali hana mali. Haya, nani ataenda chooni peke yake sasa?