Siku Pimbi Alipovaa Pembe za Ndizi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wote wa Bonde la Mikwaju waliposoma shule moja, alikuwako Pimbi mfupi kama kisiki. Hana mkia, hana pembe, na akikimbia tumbo linatangulia miguu. Pimbi huyo ni mimi. Msicheke! Haya, chekeni. Hata mimi najicheka.

Darasani mwetu alikuwamo Nyati, mkubwa kuliko ubao. Kila asubuhi aliziba mlango, akapuliza pua, puuh!

"We Bila-mkia! Toa muhogo!"

Natoa. Ningefanyaje? Ngumi yangu ilitosha kuua nzi, tena nzi mgonjwa. Kisha hunisukuma dimbwini, tubwi! Darasa zima hucheka, maana asiyecheka ndiye anayefuata.

Digidigi, niliyekaa naye dawati moja, alionewa hivyo hivyo mpaka akaacha shule. Hilo liliniuma kuliko muhogo, nami muhogo naupenda! Nikaenda kwa Mwalimu Korongo.

"Mwalimu, Nyati anatuonea."

"Mimi?" Nyati akaruka. "Ni utani tu, Mwalimu! Huyu rafiki yangu!"

Mwalimu akaligeukia darasa. "Nani ameona?"

Wote wakainamia madaftari. Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba.

"Bila shahidi nifanye nini?" akasema Mwalimu.

Siku ya wazazi ilipokaribia, nikamfuata Nyati.

"Kaka Nyati, tuigize mchezo mbele ya wazazi. Mimi niwe mbabe, wewe uwe mnyonge. Ila nahofia utashindwa."

"Nishindwe? Mimi? Na mchezo wa Pimbi? Thubutu!"

Siku ikafika. Mama Nyati alikaa mstari wa mbele na kanga yake mpya. Nikatokea nimefunga ndizi mbili kichwani, eti ndizo pembe. Moja ikalegea, ikaning'inia puani. Wazazi wakashika mbavu.

Nikajikaza ningurume. "To... toa muhogo!" Sauti ikatoka kama ya kifaranga, chwii!

Nyati akavumilia kidogo, akashindwa. "Siyo hivyo, bwana!"

"Kumbe vipi, kaka?"

"Kwanza unaziba mlango! Unapuliza pua, puuh! Halafu unasema, 'We Bila-mkia, toa muhogo!'"

"Na nikiona mnyonge anakataa?"

"Hakatai! Na hata akitoa anaingia dimbwini, kama nilivyokutia juzi!"

"Ah, mimi mzito wa kuelewa. Na Digidigi je?"

"Digidigi? Yule teke moja tu, shule akaacha!"

Hakuna aliyecheka. Ndizi ikanidondoka, pu! Ikasikika hadi nyuma.

Mama Nyati akasimama. "Mwanangu, huu ni mchezo, au ndivyo unavyofanya?"

"Ni... ni mchezo, mama."

"Si mchezo!" Kobe akatoa kichwa chote nje. "Mimi niliona, nikanyamaza."

"Na mimi!" akasema Swala.

"Na mimi! Na mimi!"

Mwalimu Korongo akainamisha shingo yake ndefu. "Pimbi, ulikuja kwangu nami sikukusaidia. Nisamehe."

Jioni ile ile Mama Nyati akamshika mwanawe sikio hadi kwa kina Digidigi, na Mwalimu akafuatana nao. Nyati aliomba radhi huku machozi yakimtoka. Jumatatu Digidigi akarudi, akakaa kando yangu, akala nusu ya muhogo wangu. Kwa mara ya kwanza sikuuonea uchungu.

Nyati hakugeuka malaika kwa siku moja. Asubuhi fulani akajisahau, akaziba mlango, akaanza, "Puu..."

Darasa zima likageuka kwa pamoja. "Tumeona!"

Nyati akajikohoza, akasogea kando, akatupisha.

Basi wanangu, uonevu hunenepa kwa kimya. Ukisemwa hadharani, hukonda.