Maziwa ya Kuaga

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakifua nguo na kusengenyana barazani, na mbwa ndio walinzi wa kila mlango, aliishi Digidigi mmoja mjane katika kibanda nyuma ya kichuguu. Wanangu, Digidigi mnamjua: miguu kama njiti za kiberiti, macho makubwa, pua isiyotulia. Kwa kawaida yake huogopa kila kitu. Lakini wiki ile alikuwa na sababu.

Jumatatu asubuhi, alipokuwa akifagia uwanja, alikuta nyayo za Chui. Zilikuja mpaka mlangoni, zikasimama, zikarudi. Jumanne alizikuta chini ya dirisha la chumba alicholala mwanawe, Chausiku, mtoto wa wiki tatu.

Kumshitaki Chui kulikuwa kazi bure. Mchana alikuwa mheshimiwa, anavaa koti na kwenda kuwajulia hali wagonjwa. Aliogopa kitu kimoja tu: kuonekana. Nyumba yenye mbwa wa kubweka aliipitia mbali.

Basi Digidigi akambeba mtoto mgongoni, mbio, tik-tik-tik-tik, mpaka kwa Mama Nungunungu, mfugaji wa mbwa wa siku nyingi.

Mama Nungunungu alimpeleka moja kwa moja uani, akamwonyesha mbwa jike aliyenenepa, manyoya yanang'aa, watoto watano wakimpanda kichwani. Digidigi akadhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Mwenye nyumba akataka kujua mbwa atalala wapi, atakula nini, na nani atabaki naye Digidigi akienda kuteka maji. Na akimshinda kumlea, atamtupa njiani au atamrudisha hapa hapa?

"Mama Nungunungu," Digidigi akasema, pua ikimcheza, "nimekuja kuchukua mbwa. Sikuja kuposa."

"Kwangu ni kuposa," akajibiwa. "Na bibi harusi hajafikisha umri, bado ananyonya. Hata kubweka hajui. Rudi baada ya mwezi."

Mwezi! Digidigi aliondoka amenuna, akiapa kwamba bibi yule ana roho ya kwanini.

Kwenye njia panda akamkuta Bwana Fisi, shati jeupe, tai shingoni, na tenga miguuni. Ndani ya tenga mlikuwa na watoto wanne wa mbwa wamelala fofofo. Fisi hakuuliza mbwa atalala wapi. Hakuuliza hata jina la mnunuzi. Alisema tu kwamba mbwa hawa ni wa ukoo, babu yao alilinda kasri, na wanaanza kubweka wakiwa na wiki tatu. Akakunjua hati ya nasaba yenye mihuri saba. Mihuri yote ilikuwa na umbo la unyayo wa Fisi, lakini Digidigi hakutazama kwa makini. Alikuwa akitazama jua.

Kilichomzuia ni jambo dogo. Kule kwa Nungunungu alionyeshwa mama kwanza. Akauliza, kwa adabu tu, kama angeweza kumwamkia mama wa watoto hawa.

Fisi akakohoa. Mama, alisema, amepumzika. Tena amekwenda kwao. Tena ana mafua kidogo. Mwishowe, alipoona mtungi wa asali wa malipo unaanza kurudi ulikotoka, akamwambia aje kesho nyumbani, atamwona mama na hati zake zote.

Jumatano asubuhi palikuwa na mikwaruzo minne ya kucha mlangoni. Mirefu.

Digidigi alimkabidhi Chausiku kwa jirani yake Pimbi, akamwambia asifungue mlango kwa mtu yeyote, hata aliyevaa koti. Pimbi alikubali kukaa naye mpaka jua litakapokaribia kuzama. Zaidi ya hapo, alisema, na yeye ana watoto wake.

Njiani alimkuta Mzee Nyati, naye anakwenda kwa Fisi kuchukua mbwa wa pili. Digidigi akauliza wa kwanza yuko wapi.

"Amesafiri," Nyati akasema.

"Mtoto wa mbwa wa mwezi mmoja amesafiri?"

"Amekwenda kwa mjomba wake," Nyati akasema, akatazama upande mwingine.

Sebuleni kwa Fisi kulikuwa na mapazia. Katikati, juu ya mkeka, alijilaza mama wa mbwa amejifunika kanga mpaka kidevuni, macho ameyafumba kama malkia anayeumwa kichwa. Tenga lilikuwa kando, na watoto sasa walikuwa macho, wanalia nyii, nyii, nyii.

"Mama huyo hapo," Fisi akasema. "Mwamkie, tumalizane."

Digidigi akamwamkia. Moyo ukamshuka mahali pake kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alikwisha kuinua mtungi wa asali ampe Fisi, alipomgusa mtoto mmoja ubavuni. Mbavu zilihesabika moja moja. Mtoto yule alikuwa akinyonya ukingo wa tenga. Watoto wote wanne walilia wamelielekea dirisha la nyuma, na hakuna hata mmoja aliyegeuza pua kuelekea mkekani.

Chausiku, akawaza, hunitambua kwa harufu nikiwa ng'ambo ya kichuguu.

Afanyeje? Kumwambia Fisi ni mwongo, katika nyumba ya Fisi, mbele ya meno ya Fisi? Kuondoka kimya, kurudi kwenye mlango wenye mikwaruzo? Akawatazama hawa wawili wakubwa: Fisi na tai yake, Nyati na mbwa wake aliyesafiri. Akaona kwamba wote wawili wana ugonjwa mmoja. Hakuna anayeweza kusema "sijui".

"Bwana Fisi," akasema taratibu, "kwa mbwa wa ukoo kama huu, bila shaka mnafuata ile desturi ya maziwa ya kuaga."

Wanangu, desturi hiyo haikuwapo. Digidigi aliizua pale pale, amesimama.

Fisi akainyoosha tai yake. "Bila shaka," akasema. "Sisi ndio tulioianzisha."

"Kwetu tumeifuata tangu babu," Nyati naye akadakia, asije akaonekana mshamba.

"Basi vizuri," Digidigi akasema. "Mtoto asiponyonya kwa mama yake mbele ya mgeni, haondoki. Au nyie mnafanyaje?"

"Hivyo hivyo," Fisi akasema. Jasho lilianza kumtoka. "Ila mama leo amechoka."

"Mzee Nyati, inafaa kuiacha?"

"Haifai kabisa," Nyati akasema kwa ukali, kama mtu anayetetea dini ya wazee wake.

Kabla Fisi hajafungua tena kinywa, Digidigi aliinamisha tenga, akainua pindo la kanga. Watoto wanne, wasiotia kitu tumboni tangu jana yake, wakaingia humo, kila mmoja na meno yake membamba kama sindano.

Nyamm.

"Mama yangu nakufa!" mama wa mbwa akapiga kelele kwa sauti nzito ya kiume. Kanga ikarukia huku, yeye akarukia kule. Alikuwa Mbweha, kijana wa mtaa wa pili, mwenye mke na ndevu. "Tulikubaliana nilale tu! Bwana Fisi, kwa mfupa mmoja sikuuza chuchu zangu!"

Akatoka kwa kupitia dirishani.

Fisi alianza kueleza. Digidigi hakumsikiliza. Aliwafuata watoto, waliokuwa wakijikokota, nyii, nyii, mpaka uani, kwenye ghala lenye kufuli. Ndani kulikuwa na kitu kinakwaruza mbao.

"Mzee Nyati," akaita. "Tafadhali."

Nyati alisukuma mara moja, paa, mlango ukalala chini. Mbwa jike akatoka taratibu akipepesa macho, maana hakuwa amezoea jua. Tumbo lililegea kwa kuzaa bila kupumzishwa, manyoya yametoka viraka viraka. Watoto wanne walimparamia wote kwa pamoja. Akawalamba mmoja mmoja, kisha akaendelea kunusa huku na huku, anatafuta wengine.

Nyati alimtazama kwa muda mrefu.

"Wangu alikufa," akasema. "Siku ya tano. Niliona aibu kusema." Halafu akamgeukia Fisi. Aliyoyafanya hayahitaji kusimuliwa mbele ya watoto. Inatosha kusema kwamba miguu ya nyuma ya Fisi ni mifupi mpaka leo.

Digidigi alitazama jua. Lilikuwa limeshuka. Akamwambia yule mama wa mbwa, kwa haraka, kwamba hana kasri wala mihuri, ana uji, kona kavu, na mtoto wake mwenyewe ambaye huenda hivi sasa yuko peke yake. Aje, asije, ni hiari yake. Kisha akakimbia, tik-tik-tik-tik, bila kugeuka nyuma.

Pimbi alikuwa amekwisha kwenda kwake. Mlangoni alisimama Chui, amevaa koti, mkono mmoja kwenye komeo.

"Jirani," Chui akasema kwa upole. "Nilipita kumjulia hali mtoto."

Digidigi alifungua kinywa, sauti haikutoka. Iliyotoka ilitokea nyuma yake, kwa mbwa aliyekonda mwenye watoto wanne wanaoyumba nyuma yake, sauti iliyofungiwa ghalani kwa miaka mitatu.

HWAU!

Madirisha yakafunguka mtaa mzima. Taa zikatokeza, vichwa vikatokeza, Mama Kanga akauliza kwa sauti yule pale mlangoni kwa mjane si mheshimiwa Chui? Chui akafunga vifungo vya koti, akasema jioni njema, akaondoka kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, mpaka alipofika kona. Hapo akatimua.

Basi wanangu, mtu akiwaonyesha mtoto wa mbwa, mwambieni awaonyeshe na mama yake. Na akishawaonyesha, mtazameni mara mbili.