Mabaki ya Bwana Lugembe

Bwana Lugembe alikuwa na kadi mbili za benki na mdomo usiopumzika. Kabula, mdogo wa mkewe, aliyempikia mwaka mzima kwa malipo ya sahani ya wali, alimwomba nauli ya ndege aende harusi ya kaka yake Mwanza, Desemba.

"Ndege? Wewe ni wa basi!" alisema Lugembe mbele ya wageni wake. "Hebu niambie, kadi ipi nilipie wapi. Sina muda wa kusoma vijikaratasi vya benki."

Kabula akavisoma. "Ya kijani inakurudishia hela kidogo ukinunua vitu vya nyumbani. Nyeusi inakupa pointi za safari ukilipia mafuta na hoteli; zikijaa zinalipa nauli. Hizo pointi niziandikishe kwa jina la nani?"

"Vipointi!" Lugembe akacheka hadi akakohoa. "Hayo ni mabaki. Humu ndani mabaki anakula nani?"

"Wa jikoni, shemeji."

"Sasa unaniuliza nini?"

"Basi nyeusi uitoe mbele za watu. Inang'aa."

Akaitoa. Kila wikendi hoteli nzima ilikula na kunywa kwa jina lake.

Desemba, akienda harusi hiyo ya shemeji yake, Lugembe aliingia ndani ya ndege ya Mwanza akitafuta kiti chake, kule nyuma karibu na choo. Mbele, kwenye viti vipana, Kabula alikuwa amenyoosha miguu, juisi mkononi.

"Nani kakulipia?"

"Nakula mabaki, shemeji. Pita, unawazuia wenzako."